Kwa nini jiwe la Bagamoyo halikujenga Kilosa

Na Mwandishi Wetu, Kilosa

MUUMINI wa Kanisa Katoliki anayetoka Kilosa au Mikumi kwenda kuhiji Bagamoyo husimama mbele ya kanisa ambalo, kwa ukoo wa kidini, ni mama wa kanisa lake la nyumbani. Hata hivyo, kwa sura mama na mtoto hawafanani. Kuta za Bagamoyo ni nene, na mahali lipu ilipobanduka huonekana jiwe la rangi ya maziwa lililojaa vitundu kama sega la nyuki. Nyumbani kwake kuta aghalabu ni za matofali mekundu ya kuchoma, yaliyokalia msingi wa mawe mazito yenye mistari myeusi na myeupe.

Tofauti hiyo haikutokana na mapenzi ya wachora ramani. Imetokana na kile kilichokuwa chini ya miguu ya wajenzi. Na ingawa miaka zaidi ya mia moja imepita, tofauti hiyo ndiyo inayoamua mpaka leo jinsi kila jengo linavyougua na dawa linayostahili kupewa. Dawa ya jengo moja inaweza kuwa sumu kwa jingine, jambo ambalo kamati nyingi za ukarabati husahau pindi michango inapokwisha kukusanywa na lori la saruji linapokwisha kuingia uani.

Asili moja, mawe mbalimbali

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza kazi Zanzibar mwaka 1863, na mwaka 1868 wakavuka bahari na kufungua misheni ya Bagamoyo. Kanisa lao la kwanza la mawe hapo Bagamoyo lilijengwa mwaka 1872. Ndimo ulimolazwa mwili wa mpelelezi David Livingstone mwezi Februari 1874, baada ya kubebwa kutoka bara na kundi lililoongozwa na Susi na Chuma, kabla ya kusafirishwa kwenda Uingereza. Kanisa kubwa zaidi linaloonekana katika misheni hiyo hivi leo lilijengwa kati ya mwaka 1910 na 1914, nalo pia ni la matofali ya matumbawe.

Kutoka Bagamoyo mapadri hao walielekea bara. Walifungua misheni ya Mhonda mwaka 1877, Mandera mwaka 1881 na Morogoro mwaka 1882. Vikarieti ya Kitume ya Bagamoyo iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1953 ikapewa hadhi ya jimbo kwa jina la Morogoro. Kilosa na Mikumi zimekulia ndani ya mkondo huo.

Zanzibar nako, shirika hilo hilo lilijenga kati ya mwaka 1893 na 1898 Kanisa la Mtakatifu Yosefu, ambalo wenyeji hulifahamu zaidi kwa jina la Minara Miwili. Leo ni Kanisa Kuu la Jimbo Katoliki la Zanzibar, yaani kanisa lenye kiti cha askofu. Mchoro wake ulifuata mtindo wa makanisa ya Marseille, Ufaransa. Lakini mchoro ni karatasi, na karatasi husafiri kwa urahisi. Mwili wa jengo ulitoka pale pale kisiwani, kwenye jiwe lile lile lililojenga nyumba, misikiti na majumba ya Mji Mkongwe.

Jiwe lililokuwa hai

Matumbawe ni kazi ya viumbe wadogo wa baharini ambao hujijengea makazi magumu kwa chokaa wanayoinyonya katika maji ya bahari. Vizazi hupita, vipya hujenga juu ya vilivyokufa, na mwisho wake ni mwamba. Zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, usawa wa bahari ulikuwa juu kuliko wa sasa. Maji yalipopungua, miamba hiyo iliachwa nchi kavu, na ndiyo ukanda wa mawe unaoonekana katika sehemu nyingi za mwambao wetu na visiwa vyake.

Waashi wa pwani walitofautisha aina mbili. Ya kwanza ni tumbawe lililokatwa moja kwa moja baharini, ambalo likiwa bichi ni laini kiasi cha kuchongwa kwa tindo, kisha hukauka na kuwa gumu. Hilo lilitumika katika nakshi, mihrabu na miimo ya milango. Ya pili ni jiwe la kuchimbwa nchi kavu, gumu na lisilo na umbo maalumu, ambalo lilijaza unene wa kuta. Ustadi huo ulikuwepo kabla ya mmisionari wa kwanza kutia mguu pwani. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, kasri la Husuni Kubwa na magofu ya Kaole, jirani kabisa na Bagamoyo, ni ushahidi wa karne kadhaa. Wamisionari walileta mnara na upinde wa Kizungu, lakini waliazima jiwe na ujuzi wa Waswahili.

Kwa kuwa mawe hayo hayana pembe zilizonyooka, ukuta ulilazimika kuwa mnene, mara nyingi nusu meta na zaidi, ili mawe yashikane na kubebana. Katika nyumba za kawaida, sakafu na dari vilibebwa na boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu lakini vyembamba, takriban meta tatu, kwa kadiri boriti ilivyoweza kufika. Kanisa linahitaji uwazi mpana zaidi. Katika Kanisa la Anglikana la Mkunazini, lililoanza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa na kukamilika mwaka 1880, Askofu Edward Steere alilitatua tatizo hilo kwa paa la kuba refu lililomiminwa kwa vipande vya matumbawe vilivyochanganywa na saruji.

Chokaa: jiwe linalozaliwa upya

Gundi ya kuta hizi ilikuwa chokaa, nayo ilitokana na jiwe lile lile. Matumbawe yalipangwa juu ya lundo la magogo na kuchomwa. Joto linapofikia takriban nyuzi 900 za Sentigredi, jiwe hutoa hewa ya ukaa iliyofungwa ndani yake. Kilo 100 za jiwe safi la chokaa hupoteza kilo 44 za hewa hiyo, zikabaki kilo 56 za chokaa kali. Chokaa hiyo humwagiwa maji, ikatokota na kuwa uji mzito. Fundi mwenye subira huuacha uji huo kwa wiki au miezi kabla ya kuuchanganya na mchanga.

Ukutani, safari hurudi ilikoanza. Chokaa huvuta tena hewa ya ukaa kutoka angani na pole pole hugeuka kuwa jiwe. Hivyo ukuta wa matumbawe uliojengwa kwa chokaa ni kitu kimoja tangu ndani hata nje: jiwe, gundi na lipu vyote ni vya asili moja. Vyote vina vitundu, vyote hunywa maji na vyote huyarudisha hewani.

Hapo ndipo ilipo siri ya uhai wake. Ukuta huo hauzuii unyevu, bali huupitisha. Maji yanayopanda kutoka ardhini au yanayoingia kwa mvua hutoka kupitia lipu ya chokaa na kukaushwa na upepo wa bahari. Chumvi iliyomo hubaki kwenye lipu, ikaila taratibu. Lipu ikichakaa hubanduliwa na kupakwa nyingine. Kwa maneno mengine, lipu iliwekwa ili ife badala ya jiwe.

Mzigo wa wapagazi 1,500

Basi kwa nini mapadri waliokwisha kulijua jiwe hilo hawakulichukua kwenda nalo bara? Jibu ni hesabu ya mizigo. Kabla ya reli, kila kitu kilichotoka Bagamoyo kilibebwa na wapagazi, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa takriban kilo 30. Tukikadiria kwamba meta moja ya ujazo ya mawe hayo ina uzito wa tani moja na nusu tu, ilihitaji wapagazi 50. Ukuta mmoja wenye urefu wa meta 10, kimo cha meta 5 na unene wa sentimeta 60 una meta za ujazo 30. Ukuta huo mmoja ungehitaji wapagazi 1,500, kila mmoja akitembea zaidi ya kilomita 200 hadi Kilosa na jiwe kichwani.

Reli ya Kati ilipoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na hatimaye Kigoma mwaka 1914, ingeweza kuubeba mzigo huo. Lakini hapakuwa na haja. Bara lilikuwa na mawe yake, na lilikuwa na udongo.

Jiwe lisilokunywa maji

Kilosa imekaa chini ya milima ya Usagara, sehemu ya mnyororo wa Milima ya Tao la Mashariki. Mwamba wa milima hii kwa kiasi kikubwa ni ule ambao wanajiolojia huuita naisi. Huu ni mwamba uliozikwa chini sana, ukapikwa kwa joto na kukandamizwa kwa uzito wa dunia zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mpaka madini yake yakajipanga katika mistari. Mistari myeusi na myeupe inayoonekana kwenye mawe ya misingi ya nyumba ni kumbukumbu ya mkandamizo huo.

Kwa tabia, naisi ni kinyume cha tumbawe. Meta moja ya ujazo ya mwamba huo ina uzito wa takriban tani 2.7. Haina vitundu, hainywi maji kirahisi na haichongeki bila jasho. Ugumu wa milima hii umeonekana upya katika ujenzi wa reli ya kisasa ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Katika wilaya ya Kilosa imelazimika kupita kwenye mahandaki manne yenye jumla ya urefu wa takriban kilomita 2.6. Wajerumani wa zama zile walikwepa kutoboa milima hiyo, wakaipitisha reli yao katika bonde la Mto Mkondoa.

Kwa fundi wa kawaida, kuchonga naisi kuwa tofali la ukuta ni gharama isiyobebeka. Lakini kulipasua na kulipanga chini kama msingi ni jambo jepesi zaidi, na hapo ubora wake huonekana, kwa sababu halipandishi maji ya ardhini kama linavyofanya tumbawe. Juu ya msingi huo, udongo wa mfinyanzi wa mabonde ya Mkondoa na Mkata ulitoa matofali ya kuchoma. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa sura inayojulikana kwa wakazi wa Kilosa na Mikumi: jiwe chini, tofali juu.

Umuhimu wa msingi huo hauhitaji maelezo marefu hapa Kilosa. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010, Mto Mkondoa ulivunja kingo zake, ukaacha maelfu ya wakazi bila makazi na kukata Reli ya Kati. Nyumba ya tofali bichi iliyokaa chini haina ubavu mbele ya maji ya namna hiyo. Tofali lililochomwa vizuri na kunyanyuliwa juu ya jiwe lina nafasi ya kusalimika.

Inafaa kutaja kwamba mkoa wa Morogoro haukosi kabisa jamaa wa jiwe la pwani. Marumaru ya Mahenge na Matombo, inayojulikana kwa vito vya rubi na spineli vinavyopatikana ndani yake, kwa asili ni jiwe la chokaa lililopikwa na dunia. Mtu anayetaka kutambua jiwe la chokaa anaweza kulikwaruza na kudondoshea siki kwenye unga wake. Jiwe la chokaa litatoa povu, na naisi itabaki kimya.

Saruji si adui, lakini si dawa ya kila ugonjwa

Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza uzalishaji mwaka 1966. Tangu hapo saruji ilisambaa, matanuri ya chokaa yakapoteza wateja, na kijana anayejifunza uashi siku hizi hujifunza kwa saruji. Kwa nyumba mpya hakuna ubaya. Ubaya huanza pale kuta za kale zinapofunikwa na kitu kigumu kuliko zenyewe.

Lipu ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe hufunga mlango wa kutokea unyevu. Maji hayakomi kupanda, ila sasa yanabaki ndani. Chumvi, badala ya kuila lipu, hujikusanya nyuma yake, huota fuwele na kulisaga jiwe lenyewe. Kwa nje ukuta unang'aa, na kamati inapongezana. Baada ya misimu kadhaa ya mvua lipu hubanduka kwa vipande vikubwa, ikiondoka na uso wa jiwe. Zikiwamo nondo, hushika kutu, huvimba na kupasua kile zilichowekwa kukishikilia.

Matofali ya kuchoma ya Kilosa nayo yana vitundu, na mengi ni laini kuliko saruji iliyokolea. Kanuni inayofuatwa na wahifadhi wa majengo ni nyepesi kukumbuka: gundi na lipu visiwe vigumu kuliko kitu vinavyokishikilia. Msingi wa naisi huvumilia saruji bila shida, kwa kuwa vyote viwili ni vigumu. Ukuta wa tofali la zamani unahitaji mchanganyiko mwepesi wenye chokaa. Ukuta wa matumbawe unahitaji chokaa, na kabla ya chokaa unahitaji paa lisilovuja, kwa sababu hakuna lipu inayoweza kushindana na mfereji uliotoboka.

Gharama ya kuchelewa imekwisha kuonekana. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, kasri la mwaka 1883 lililo katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Mji huo upo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na una mamlaka yake ya hifadhi. Kama jengo lililo chini ya macho ya dunia linaweza kuanguka, hali ya kanisa la kijijini lisilo katika orodha yoyote haihitaji kufafanuliwa.

Hata hivyo, upo pia mfano wa matumaini. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004. Baada ya miaka kumi ya kazi ya uhifadhi, yaliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014.

Sheria imeishia mwaka 1863

Wapo watakaosema kazi hiyo ni ya Serikali. Lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayotumika Tanzania Bara, hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baadaye hupata ulinzi huo pale tu linapotangazwa rasmi. Ukitazama tarehe zilizotajwa hapo juu utaona jambo la ajabu: misheni ya kwanza ya Bagamoyo ilifunguliwa miaka mitano baada ya mpaka huo. Kwa hiyo hakuna kanisa hata moja la kizazi hicho, iwe pwani au Kilosa, linalolindwa kwa umri wake pekee.

Tangu mwaka 2006 Tanzania imeiweka njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha ya mapendekezo yake kwa UNESCO. Njia hiyo inaanzia Bagamoyo, inapita Mamboya, iliyo katika wilaya ya Kilosa, inaendelea Mpwapwa na kuishia Ujiji. Pendekezo hilo ni heshima, lakini halipaki chokaa wala halizibi paa.

Inabaki basi kazi ya wenye majengo: maparokia, halmashauri na wamiliki wa nyumba za zamani. Kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji, wajiulize maswali matatu. Ukuta huu ni wa jiwe gani? Uliunganishwa kwa kitu gani? Maji yanaingilia wapi, na yakishaingia yanatokea wapi? Mwashi mzoefu anaweza kuyajibu kwa siku moja, kwa kubandua lipu kidogo mahali pasipoonekana na kwa kupanda darini wakati wa mvua. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya kubandua saruji iliyokwisha kuganda.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na waashi wa pwani hawakuwa na ubishi na usemi huo. Wao waliongeza sharti moja kwa vitendo vyao, karne baada ya karne: ufa wa tumbawe huzibwa kwa tumbawe lililochomwa. Kilosa na Mikumi, ambako jiwe ni jingine, sharti ni lile lile. Aliyejenga alitumia kilichokuwa chini ya miguu yake, na anayekarabati hana budi kuanza kwa kuinama na kukitazama.